Baridi Iliyotuama Kware

Chumba cha mzee Mulwa kilikuwa chini kabisa, pale maghorofa mawili ya mtaa wa Kware yalipobanana hata jirani angempa jirani chumvi dirishani. Juu, ghorofa ya nane, watu walianika nguo huku wakitokwa jasho. Chini, saa sita mchana, Mulwa alivaa koti. Kuvu ilitambaa ukutani, na kando ya bomba lililovuja yaliota majani ambayo hakuna aliyeyapanda.

"Hewa baridi ni nzito. Huzama kama maji, ikatuama," aliwaambia majirani. "Ujanani niliteremka shimo la mawe ya chokaa kule Pwani. Huko chini, wallahi na mimi si Mwislamu, nilikuta vyura wamevaa sweta."

"Na nani aliwafumia, mzee?" Hibaq, mama wa ghorofa ya nane, alimcheka.

Baridi hiyo ilimfaa Mulwa. Alikuwa amechonga vinyago miaka arobaini, akajua mti mbichi wa muhugu ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Humo chumbani mwake gogo lake lilikauka taratibu, na ndani yake alikuwa ametoa uso wa Musau, mwanawe wa pekee, waliyemzika mwaka juzi bila kubaki na picha yake hata moja. Lilihitaji miezi miwili zaidi.

Kifua cha mkewe, Mbithe, hakikuwa na miezi miwili. Alikohoa mpaka akashika ukuta, na ukuta ukamlowesha kiganja. Daktari alishasema: mtoe kwenye unyevu.

Hibaq, ambaye magoti yake yalishindwa na ngazi, alikubali wabadilishane vyumba. Lakini iwe leo, ama ahamie mtaa wa Tassia kwa dadake.

"Kinyago kiacheni hapa," alisema. "Nitakitunza kama mwanangu."

Mbithe alitikisa kichwa. "Hospitalini niliambiwa nimwache Musau usiku mmoja tu. Mmoja, na asubuhi nikamkuta hayupo! Simwachi tena. Asipopanda, sipandi."

"Mama Musau, sikiza..." Mulwa alianza.

"Kwani huko juu atapasuka?"

Mulwa alimtazama mkewe, mifupa ya mabega imechomoza chini ya leso. Wongo aliozoea kuusema kwa kicheko, mara hii aliusema bila kucheka.

"Muhugu huu? Wa kwetu Ukambani? Huu haujui kupasuka."

Wakapanda, yeye kabeba gogo mgongoni, Mbithe akipumzika kila ghorofa.

Siku ya tatu, adhuhuri, bati la paa likitoa joto kama jiko, kitu kililia chumbani: ta! Mulwa aligeuka. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka paji la uso wa Musau, ukapita kando ya pua, ukaishia kidevuni.

Kitandani Mbithe alikuwa amelala. Hakukohoa. Alivuta pumzi ndefu, nyepesi, moja baada ya nyingine.

Mulwa alikaa kati ya kitanda na kinyago, akitafuta hadithi ya kumwambia akiamka. Hakuipata.