Wote Waliandika Saba

Mkaguzi wa mitihani alikuwa na jina la utani ambalo kila mwalimu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake: Kifutio. Akiingia shule asubuhi, jioni kuna matokeo yaliyofutwa. Walimsingizia ukatili, lakini mama wa watu hakuwa mkatili hata chembe. Alikuwa mdadisi tu. Akiona uzi umechomoza kwenye nguo, haoni raha mpaka auvute ajue unaishia wapi. Nguo ikifumuka, lawama zinamwangukia yeye.

Leo uzi wenyewe ulikuwa swali la kumi na saba. Darasa la nne la shule hii, ambayo miaka yote ilivuta mkia, lilikuwa limeibuka juu kabisa katika mtihani wa hesabu wa wilaya. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wa ofisini waanze kunong'ona. Halafu likaja swali lenyewe, ambalo lilikuwa rahisi kuliko yote: picha ya penseli imelazwa kando ya rula, andika urefu wake. Jibu ni sentimita nane. Darasa zima liliandika saba, isipokuwa mtoto mmoja.

"Wameibiana hao," bosi wake alisema kwenye simu. "Kosa haliwezi kufanana hivyo. Futa, mwakani warudie darasa, tumalize. Nataka neno lako kabla ofisi haijafungwa."

"Kufuta nitafuta, bosi. Lakini ni mwizi gani huyo anayevunja nyumba ya watu halafu anatoka na chungu kilichotoboka?"

"Wewe na maswali yako!" Akakata simu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, kijana mwembamba, mikono imejaa chaki, uso umemsawijika. Mwaka mzima alikuwa anabaki na watoto wale baada ya masomo, wenzake wakimcheka kwamba anatwanga maji kwenye kinu.

"Mama, hawakuiba," alisema. "Ukiwarudisha nyuma, utawavunja moyo kabisa. Afadhali uniadhibu mimi."

"Basi niambie, kwa nini saba?"

"Sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Jibu hilo lilimpendeza mkaguzi. Mwongo hakosi maelezo. Huyu hakuwa nayo hata ya kuazima.

Akaketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akatoa kalamu na rula yake kwenye mkoba, akaomba watoto waje mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mvulana mwenye shati lililobaki na kifungo kimoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipimie kalamu hii."

Mtoto akailaza kalamu kando ya rula, akaisawazisha kwa uangalifu wa fundi, akasoma. Midomo ikacheza kidogo. "Kumi na tatu!" akasema, amefurahi.

Ilikuwa kumi na nne. Mkaguzi akamshukuru, akaita mwingine. Kumi na tatu. Akaita wa tatu, safari hii akainamisha kichwa ili asikie ile midomo inasema nini. "Kumi na nne," mtoto alinong'ona, "toa moja..."

"Unatoa moja kwa nini?"

Mtoto akamtazama kwa huruma. "Si ndivyo rula ilivyo, Mama? Ukishasoma, unatoa moja."

Mkaguzi alisimama upesi hata kiti kikapiga ukuta. "Mwalimu, nionyeshe rula za darasa lako!"

Zilikuwa ndani ya boksi, kwenye kabati la darasani, za mbao, mali ya shule, za kugawana. Watoto walizigeuza mapanga miaka nenda miaka rudi mpaka ncha zikapasuka zikawa zinachoma vidole. Fundi seremala alipoombwa azirekebishe, alizipanga pamoja akazipitishia msumeno mara moja, zote, kwenye alama ya moja. Sifuri ikaishia kwenye takataka. Mwalimu hakuwa na rula nyingine, akawafundisha watoto njia ya kwenda nazo: soma, kisha toa moja. Njia ikafanya kazi vizuri, mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba rula zilikuwa mbovu.

"Yarabi," kijana alisema, akaketi juu ya dawati la mwanafunzi. "Kumbe ni mimi niliyewakosesha."

Mkaguzi yeye alikuwa anachekelea. Alimpigia bosi papo hapo, akamsimulia msumeno na yote.

"Hadithi nzuri," bosi alijibu. "Inaeleza kwa nini walikosea. Haisemi kwamba hawakunong'onezana kwenye yale maswali mengine waliyopata. Utanionyeshaje kwamba walinyamaza?"

Cheko likamkauka. Lililomuuma ni kwamba bosi alikuwa amesema kweli. Kelele unaweza kuishika, lakini kimya unakishikia wapi? Alifungua tena karatasi za mtihani, na jicho likaangukia ile iliyokuwa na nane.

Mwenye karatasi alikuwa msichana mdogo, mpole, soksi moja imeshuka. Alipima kalamu, akasema bila kusita, "Kumi na nne."

"Wewe hutoi moja?"

"Za darasani natoa. Hii ina sifuri. Na ile ya kwenye mtihani ilikuwa na sifuri, niliiona."

"Siku hiyo ulikaa na nani?"

"Na pacha wangu. Madawati hayatoshi."

Mkaguzi akaitafuta karatasi ya pacha. Saba, kubwa, nyeusi, ya mtu asiye na shaka.

"Uliona alichoandika?"

Msichana akatazama sakafu. "Niliona."

"Na ulijua amekosa?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukumwambia, mwanangu?"

Msichana akainua macho, akashangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. "Si ulikuwa mtihani?"

Mkaguzi akaziweka karatasi za mapacha hao pamoja mezani. Kisha akashika simu.

"Bosi, nimepata ulichotaka. Aliyekuwa na jibu alikaa bega kwa bega na pacha wake, akamwona anapotea, na hakufungua mdomo. Kama huyu hakumpa ndugu yake wa tumbo moja, niambie nani pale alimpa nani."

Bosi akakohoa. "Haya. Matokeo yabaki."

Mwalimu alifunika uso kwa viganja, akatoka nje amejipaka chaki mpaka kwenye nyusi. Mkaguzi akaanza kukusanya karatasi, akagundua msichana hajaondoka.

"Mama," alisema, "pacha wangu haongei nami tangu siku ile. Anasema nina roho mbaya."

"Mwanangu, ungemnong'oneza, leo darasa zima lingerudia."

Msichana akalitafakari hilo. Machozi yaliyokuwa yamengoja siku zote hizo yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta.

"Mimi nikimwambia hataniamini," alisema. "Naomba umwambie wewe."

Mkaguzi akaziacha karatasi mezani, akamshika mkono, wakatoka uwanjani kumtafuta.