Mvuke wa Shemeji

Ruqaiya alikuwa mtu wa kumeza maneno, lakini Ijumaa ile yalimkwama kooni. Fadhul, mdogo wa mumewe, alikuwa amerudi kutoka Dubai na sigara yake ya umeme, na tangu Jumanne alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebule yao ya Makindye, akipuliza mawingu yenye harufu ya stroberi. Nyumba nzima ilinuka peremende. Na Zuleika, binti wa Ruqaiya wa miaka mitatu, alikuwa na pumu.

Jumatano mtoto alianza kukohoa. Alhamisi alilala ameketi, kifua kikipiga mluzi. Ruqaiya alimwomba shemeji yake kwa upole avutie barazani. Fadhul alicheka, akamweleza kwamba huu si moshi, ni mvuke tu. Mvuke, eti! Kana kwamba kifua cha mtoto huuliza jina kwanza ndipo kizibe.

Mumewe, Abdul-Karim, alikuwa njiani na lori kuelekea Juba. Kwa simu alimwambia avumilie, mgeni ni wa siku chache. Kwa mama mkwe, Bi Fatumah, aliyeishi nao, hakutarajia msaada. Fadhul alikuwa kitinda mimba wake, na mama yule mkali hakuwa na ukali wowote kwake.

Basi Ijumaa, jamaa walipotoka msikitini na kuja kula, Zuleika akaishiwa pumzi katikati ya mkeka. Ruqaiya akampulizia dawa, akangoja kifua kitulie. Kisha akainuka mbele ya wageni wote, akamnyang'anya Fadhul kidude chake, akaenda kukiweka barazani.

Fadhul hakukosa jibu. Alinyoosha kidole kwenye kona, ambako chetezo cha mama yake kilikuwa kikifuka udi kama kila Ijumaa.

"Na ile, shemeji? Ile si moshi? Ama mama unamwogopa?"

Watu wakainamia sahani zao. Alikuwa amemkamata pabaya, maana ni kweli alimwogopa. Miaka mitatu alikuwa ameona udi ule ukimkohoza mwanawe, naye akafungua dirisha kimyakimya na kujidai anatafuta upepo. Chetezo kile Bi Fatumah alikirithi kwa mama yake, na hakuna mkwe aliyewahi kukigusa. Ruqaiya aliona aibu, si kwa kumkosea shemeji adabu, bali kwa woga wake wa miaka yote hiyo.

Akakishika chetezo kwa pindo la leso, makaa yakiwa bado mekundu, akapita nacho katikati ya wageni hadi nje.

"Hii pia inakaa nje," alisema aliporudi mlangoni. "Mama, unisamehe. Kama iko mtu anataka kunifukuza, anifukuze. Lakini mtoto wangu atapumua ndani ya hii nyumba."

Bi Fatumah aliinuka taratibu, akajitanda mtandio wake. Ruqaiya hakurudi nyuma hata hatua. Mama mkwe alipomfikia, alisimama.

"Miaka tatu," alisema kwa sauti ya chini, "na wewe haukuniambia."

Akapita, akaketi barazani kando ya chetezo chake.

"Fadhul," akaita, "kuja huku kwa watu wa moshi. Na funga huo mlango."