Waliongoja Ndani ya Waya

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aende Makadara akaushike waya wenyewe. Bado uko pale: unatoka kwenye nguzo, unapita juu ya kamba za kuanikia nguo, unaingia kwa Wachira kupitia tundu la dirisha la jikoni. Nikitia chumvi hata chembe moja, niamke kesho nimesahau njia ya kwenda chooni.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tisa, wakati wa chai ya jioni, Wachira alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni yake akitafuta pa kuchomeka waya. Mkewe, Shiru, alikuwa amekaa kwenye kochi akitoa minji kwenye maganda. Katikati ya sebule, juu ya stuli, palikuwa na mashine nyeupe ya gemu kutoka Amerika.

Mashine ilikuwa imeletwa na mama mmoja wa kanisani aliyetoka kumtembelea bintiye huko. Aliileta pamoja na salamu za Chege, kifungua mimba wa Wachira: Baba, unga hiki kitu na TV, halafu ukiunge na laini ya simu. Jumamosi jioni tutacheza mpira, wewe ukiwa hapo na mimi nikiwa huku.

Wachira hakuwa na haja na gemu. Haja yake ilikuwa Chege. Zamani hao wawili walikuwa wakicheza drafti barazani kwa vifuniko vya soda. Baba hakuwa msemaji na mtoto hakuwa msemaji, lakini ubao ukiwekwa kati yao walitukanana kwa raha mpaka majirani wakafunga milango. Tangu Chege aende ng'ambo, kila akipiga simu ilikuwa hivi: huko kukoje? Kuko sawa. Baridi? Iko. Kisha wote wawili wakawa wanasikiliza mvumo wa waya mpaka kadi ya simu ya Chege iishe. Miezi kati ya simu moja na nyingine ilikuwa imeanza kurefuka. Wachira aliogopa kwamba siku moja mtoto angeacha kupiga kabisa, si kwa hasira, ila kwa kukosa la kusema. Kwa hiyo ile mashine nyeupe ilikuwa ndiyo ubao wa drafti, na Jumamosi ilikuwa ndiyo leo.

Umeme wa Amerika ni mdogo kuliko wetu, kwa hiyo alikuwa amenunua transfoma ili kitu kisiungue. Picha ilipotokea, haikuwa na rangi, kwa sababu mashine za huko na televisheni za huku hazijakubaliana kuhusu rangi. Wachira alisema mpira ni mpira. Kisha akaiamuru mashine ipige ile namba aliyopewa na kampuni moja ya intaneti mjini. Ikapiga. Pakasikika sauti kama maharagwe yanayomwagwa juu ya bati, halafu kioo kikaandika kwamba imeshindwa kuunganisha.

Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Maharagwe, kisha imeshindwa. Akafungua kufuli dogo alilokuwa ameweka kwenye simu ili wageni wasipige bila ruhusa, akidhani labda ndilo linaloziba. Imeshindwa. Shiru akamshauri amwite Samatar.

Samatar alikuwa fundi wa redio kando ya Jogoo Road, mtu wa kujisifu kabla ya kusalimia. Alikuja na ngazi begani akieleza kwamba hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumshinda. Akaitazama mashine, akagundua kwamba ilikuwa ikipiga namba kwa kuimba, hali mitambo ya simu ya upande ule bado ilitaka namba zikatwekatwe moja moja kama zamani. Akabadilisha. Maharagwe yakamwagika vizuri zaidi, lakini bado ikashindwa. Akasema sasa tatizo liko nje, akapanda ngazi, akaupapasa waya kuanzia kwenye nguzo hadi dirishani.

Waya ulikuwa na mafundo, kama nyoka aliyemeza mayai. Kila fundo lilikuwa na joto. Samatar akatoa simu yake ya majaribio, akaibana kwenye la kwanza, akasikiliza kwa muda.

"Mzee," akasema kutoka juu, "laini yako imejaa watu."

Wachira akauliza ni watu gani.

"Wanasema uliwaambia wangoje."

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya wale waliokulia kwenye nyumba zenye simu zao. Safu ile yote ya nyumba ilikuwa na simu moja, ya Wachira, na kila mtu aliyeomba kazi au aliyekuwa na mama mashambani alitoa namba ile. Mtu akipiga, alisema niitie fulani. Mwenye simu alijibu ngoja nimwite, akaulaza mkono wa simu juu ya kitambaa cha kufuma, akaenda kumwita. Miaka ya mwanzo Wachira alienda. Baadaye magoti yakaanza kuuma, na watu wakawa na tabia ya kupiga wakati wa chakula. Akawa anasema ngoja nimwite, anaulaza mkono wa simu, anarudi kwenye sahani yake, na akimaliza kula anaurudisha mahali pake. Hakuwa mtu mbaya. Ungemwomba chumvi angekupa na pakiti.

Ila aliyeambiwa ngoja, alingoja. Walikuwa bado humo.

Samatar alijaribu kulifinya fundo moja kwa koleo ili alisukume mbele. Sauti ikatoka ndani ya waya, ya mwanamume wa makamo, ikamwomba afanye polepole kwa sababu ana mgongo. Samatar akashuka. Akasema kazi hii haiko kwenye vitabu, na kwamba watu wale hawatatoka mpaka waitiwe wale waliowaulizia.

Shiru alisema alikuwa ameshuku, kwa maana hata kamba ya kuanikia blanketi haijawahi kulegea kama waya ule. "Baba Chege," akasema, "si kila siku ulikuwa unaniambia umeshawaita?"

"Nilikuwa nakula," akasema Wachira.

Huko Amerika, Chege alikuwa ameshaketi mbele ya mashine yake. Wachira akavaa koti, akavaa viatu vya kanisani, akachukua bakora yake, akatoka nje.

Alimkuta Luseno kwenye mfereji wa maji akiosha gambuti. Luseno alikuwa kibarua kwenye viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, mtu wa kusimama getini kila asubuhi na kungoja anyooshewe kidole.

"Luseno, una simu."

"Ya nani?"

"Ya kile kiwanda cha sufuria. Ni ya tisini na nne."

Luseno akapangusa mikono, akaingia, akavua kofia. Karani wa kiwanda alimwambia nafasi ya kudumu imepatikana stoo, aje Jumatatu na kitambulisho. Luseno akashukuru sana. Jumatatu alienda, akiwa amepiga pasi shati. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, na mahali pake palikuwa na kanisa lenye spika kubwa. Alirudi na mkate, akawaambia watoto kwamba walimwita. Miaka yote ile alidhani hawakumtaka. Siku hizi anatembea kifua mbele, na mtu mgeni akimuuliza kazi yake husema aliajiriwa tisini na nne, na watu humpa hongera.

Kezia, anayeuza chapati, aliitwa akaambiwa na binamu yake kwamba ametumiwa kuku, amchukue stendi ya mabasi ya mashambani. Akaenda. Kuku alikuwa bado yuko pale ofisi ya mizigo, amezeeka, amezungukwa na vitukuu. Karani alimlalamikia Kezia kwa kuchelewa, na ilibidi akodi mkokoteni. Wengine waliitiwa mambo madogo: harusi zilizokwisha kupata wajukuu, mtu aliyetaka kurudishiwa mwavuli. Kila aliyemaliza kuongea, fundo lake lilinywea, na Samatar, aliyekuwa amerudi juu ya ngazi, alitangaza kama aliyelifanya yeye.

Likabaki moja, nene kuliko yote, karibu na dirisha. Wachira hakuuliza ni la nani. Alitembea mpaka chumba cha mwisho, anakoishi Vivian Muhonja, mshonaji wa yunifomu za shule, akasimama mlangoni na bakora yake.

Mwaka wa tisini na sita, mama yake Muhonja aliugua na akafa huko Mbale. Muhonja alizisikia habari za ugonjwa na za mazishi siku ile ile moja. Baada ya matanga alikuja kwa Wachira kumuuliza kama mama yake aliwahi kupiga simu, na Wachira alimjibu kwamba angekuwa amepiga angekumbuka.

"Una simu, mama," akasema Wachira.

Muhonja aliendelea kukata kitambaa. "Ni nani?"

"Mama yako."

Akaweka makasi chini. Hakuvaa hata viatu.

Shiru akapunguza redio. Muhonja akauchukua mkono wa simu kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa kwenye kibanda cha simu kando ya soko, na nyuma yake zilisikika kelele za siku ya soko. Alisema kifua kinambana usiku, akauliza kama Muhonja anaweza kupata ruhusa aje. Muhonja alisema anakuja. Mama akasema vizuri, halafu akamweleza habari za mjomba aliyekaa kwenye jasi ya kupaka ukuta akiwa amevaa suruali ya kuazima, na Muhonja akacheka mpaka akaegemea ukuta. Wakaongea kuhusu shamba, kuhusu sabuni gani haichubui. Kisha sarafu zikaisha na laini ikakatika. Muhonja akaurudisha mkono wa simu, akakinyoosha kile kitambaa cha kufuma, akasema asante Baba Chege, akatoka. Wachira alikuwa ameandaa pole ndefu njiani. Mlango ukafungwa kabla hajaianza, akaiweka kwenye mfuko wa koti, na nadhani bado iko humo.

Waya ukawa mwembamba. Maharagwe yakamwagika, yakanyamaza, na kioo hakikusema imeshindwa. Kilitokea kiwanja cha mpira, cheusi na cheupe, wachezaji wamesimama, na juu yake maneno yakajiandika: SASA BUDA, yaani hujambo mzee.

Wachira akatafuta herufi kwenye vitufe vya mashine kwa kidole kimoja. Akaandika: UMEKONDA. Hakuwa akimwona, lakini alikuwa amepania kusema hivyo kwa miaka mingi.

Wachezaji wake walikimbilia goli lao wenyewe. Chege alimfunga, akamfunga tena, akaandika akiuliza hii timu mzee ameitoa wapi, ama ni kwaya ya kina mama. Wachira akaandika kwamba yeye hakuwahi kulia akipigwa drafti, lakini anamjua mtu aliyelia, na shahidi wake yuko hapa anatoa minji. Shiru akasema aandikiwe kwamba ni kweli. Wakatukanana vile mpaka giza likaingia, na nyumba mbili za jirani zikafunga milango. Samatar alikaa mpaka mwisho akimfundisha mzee jinsi ya kupiga kona, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Tangu siku hiyo wanacheza kila jioni, na Jumapili wanaanza mara tu Wachira akitoka kanisani. Amenenepa. Magoti yameacha kumuuma. Kufuli limerudi kwenye simu. Mashine ikiwa kwenye laini, simu haiwezi kulia, kwa hiyo hakuna tena wa kuambiwa ngoja. Watu wa safu ile bado wanaandika namba ya Wachira wakiomba kazi, kwa sababu hakuna nyingine. Samatar alipita juzi na ngazi yake, akaushika waya kule kwenye nguzo, akasema umeanza kuvimba tena. Hawa wanaongoja sasa, alisema, hata hallo hawajaambiwa.

Habari hii niliisimulia mwezi huu wa Krismasi pale Soko la Burma, kwenye meza ya bucha ya Perez. Meza ile ina desturi yake: mtu yuko huru kusema lolote, lakini akinaswa na uongo, nyama ni yake kulipa. Walinisikiliza wakitafuna. Hakuna aliyepinga habari za watu ndani ya waya. Habari za kuku, mmoja alisema hata yeye anawajua kuku wa namna hiyo.

Sikuwa nimemwona Muhonja. Alikuwa amekuja kununua matumbo, akawa amesimama nyuma yangu na kikapu.

"Hapo kwa sarafu umedanganya, mzee," akasema.

Nikamuuliza kivipi.

"Sarafu mama alikuwa nazo. Aliona mteja ameshika ndizi zake, akasema wacha nimuuzie huyu, nakupigia sasa hivi." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Akakata yeye mwenyewe."

Meza nzima ikanitazama. Perez akauliza kama akate mbavu au paja. Muhonja ndiye aliyejibu kwamba mbavu, na wenzangu wakasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Hakukaa. Alisema anarudi nyumbani kungoja mama apige, pengine leo mpira wa Wachira utaisha mapema, na simu ikilia hakuna atakayetoka kumwita.

Nikalipa, nikamwambia Perez amfungie Muhonja mbavu zake kwenye gazeti.