Anwani ya Mama Koma

Kadi ilikataa mara mbili, mbele ya foleni ya watu saba. Mfamasia akairudisha juu ya kaunta kwa ncha ya kidole, akasema, "Jaribu nyingine, mama." Mama Koma hakuwa na nyingine. Alipekua mkoba mpaka chini, akatoa noti zake za mwisho, akalipia pampu yake ya kuvutia dawa ya kifua na kutoka bila kumtazama mtu.

Jina la Mama Koma alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na tatu alikuwa msomaji prufu katika kiwanda cha uchapaji cha serikali ya kwao, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Kazi yake ilikuwa kuwinda makosa kabla karatasi hazijaingia mashineni. Mpiga chapa aliyebishana naye aliambiwa "Koma!" na asijue kama ni alama imekosekana au ni yeye anayefokewa.

Vumbi la karatasi lilimwachia kifua kibovu. Alipostaafu, mumewe akiwa ameshafariki, alihamia nchi nyingine yenye hewa kavu na kupanga vyumba viwili ghorofa ya chini. Mwanawe wa pekee aliona mama amerukwa na akili. Ndugu nao walisema atarudi kabla mwaka haujaisha. Huu ulikuwa wa nne. Pensheni iliingia benki ya nyumbani kila mwezi, naye aliitoa huku kwa kadi.

Alipofika nyumbani alipiga simu benki. Alisikilizishwa muziki mpaka chai ikapoa, kisha karani akapatikana.

"Akaunti yako imezuiwa, mama. Tuna fomu zako mbili. Ya zamani inasema unaishi nje. Ya mwezi uliopita inasema umesharudi, unakaa nyumba namba kumi na nane. Na saini ni ile ile."

Namba kumi na nane ilikuwa nyumba ya mwanawe. Akampigia.

"Shikamoo, Mama," mwanawe alipokea kwa furaha.

"Marahaba. Nani kanihamishia kwako?"

Upande wa pili bomba lilikuwa likitiririka, mwanawe akalifunga.

"Benki walileta barua hapa. Eti wateja wanaoishi nje walete cheti cha kodi cha huko waliko, la sivyo akaunti inafungwa. Nikaona nikuepushie usumbufu. Fomu yenyewe ukurasa mmoja tu."

"Na saini yangu uliitoa wapi?"

"Ah, Mama. Ile nimeiiga tangu darasa la sita. Ripoti zote mbaya ulizisaini wewe bila kuziona."

Siku nyingine angecheka. "Kwa hiyo mimi ni mwongo kwa maandishi."

"Ni karatasi tu! Waambie umerudi. Nani atakuja kuchungulia kama upo?"

"Karatasi ndiyo iliyokusomesha. Mimi naishi hapa, na nitaandikwa hapa." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisi ya kodi ya mji, ghorofa ya tatu, viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni. Alitaka cheti kimoja tu, kinachosema yeye ni mkaazi wa pale. Karani, binti mwenye miwani mikubwa, alibofyabofya kompyuta yake, kisha akakunja uso.

"Mama, hujawahi kulipa kodi ya pensheni hapa. Miaka minne yote."

"Nakatwa nyumbani, kabla hata haijanifikia."

"Huko ni huko. Lipa kwanza, cheti baadaye."

"Nilipe mara mbili kwa pesa moja?"

"Kuna mkataba kati ya nchi hizi mbili, lakini kwenye pensheni unasema unalipa unakoishi."

"Umeusoma?"

Karani akainua macho. "Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu. Nimekuuliza kama umeusoma."

Mkataba ulikuwa kurasa thelathini na moja. Aliuchapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi kwa akiba aliyoiweka koponi jikoni, akaketi nao mezani kwake siku mbili, rula chini ya kila mstari, penseli sikioni, kama alivyozoea. Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili alikuta maneno ya karani: pensheni hutozwa kodi anakoishi mstaafu. Wengi wangeishia hapo. Yeye alifungua ukurasa uliofuata. Pale iliandikwa kwamba pensheni ya mtu aliyeitumikia serikali hutozwa na serikali hiyo peke yake, isipokuwa mstaafu awe raia wa nchi anayoishi. Hakuwa raia wa pale. Alisoma kifungu hicho mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, peke yake jikoni, kama anayemsomea mtu hukumu.

Aliporudi ofisi ya kodi, safari hii karani alimwita msimamizi wake, mwanamume mwenye tai fupi. Msimamizi alisoma, akakuna shingo.

"Kifungu hiki hatujawahi kukitumia hapa, mama."

"Kimefutwa?"

"Hapana."

"Basi anzeni na mimi."

"Itabidi tuulize makao makuu. Itachukua muda. Nenda nyumbani, tutakupigia."

"Mimi ni mstaafu, baba. Muda ndio utajiri wangu."

Alikaa kwenye kiti cha chuma tangu saa tatu asubuhi. Mgongo ulimuuma, kifua kikambana, akavuta pampu mara mbili, hakuondoka. Watu waliitwa wakaenda zao. Msimamizi alipita mara nne akijitia anatafuta faili. Saa tisa na nusu karani alimletea cheti chenye mhuri: mkaazi wa mji huu, pensheni yake haitozwi kodi hapa. Mama Koma alikisoma mpaka chini, akakirudisha.

"Mwaka wa kuzaliwa mmekosea. Mmenizeesha miaka kumi."

Binti yule alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

Ilibaki benki. Mama Koma aliandika barua fupi: fomu ya pili si ya kweli, ilijazwa na mwanangu bila ruhusa yangu, akidhani ananisaidia, naifuta, naishi hapa, na cheti ni hiki. Kisha akampigia mwanawe.

"Nakutumia barua ya benki pamoja na cheti. Utaipeleka wewe mwenyewe. Na chini utaweka saini yako. Yako, si yangu."

"Mama, wataniita tapeli! Wanaweza kuniitia polisi!"

"Wanaweza. Lakini mimi sitaishi mafichoni kwa sababu yako."

Sauti ya mwanawe ikashuka.

"Nilipoandika jina lako kwenye anwani yangu nilijisikia vizuri. Kama vile umerudi kweli."

Mama Koma alikaa kitako kitandani. Hilo hakulitegemea.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Huko nilikuwa nahema kama mashine mbovu. Ulitaka mama wa kumwona kila siku, mimi nataka kuwa hai. Ukinitaka, nikumbuke hapa nilipo."

Mwanawe alikwenda benki na barua. Meneja alimweka ofisini saa mbili nzima, akamkaripia kama mtoto, akamwandikisha maelezo na kumwachia kwa onyo. Baada ya wiki tatu akaunti ilifunguliwa, kwa masharti: faini kwa ajili ya fomu ya uongo, na ada mpya ya wateja wanaoishi nje. Faini Mama Koma aliikubali bila neno. Ada aliikatalia. Aliandika kuuliza imeandikwa ukurasa gani wa mkataba wake na benki, wakamjibu kwamba ni utaratibu. Akaandika tena. Barua ya nne ilipofika, meneja alipiga simu mwenyewe.

"Mama, hutachoka?"

"Wewe nionyeshe ukurasa tu."

Ukurasa haukuwapo. Ada iliondolewa, kwake yeye peke yake, na meneja akamwomba asiwaambie wengine. Alikuwa ameshawaambia wastaafu watano.

Jumapili mwanawe alipiga simu, akazungukazunguka kwa habari za mvua na bei ya saruji, mpaka mama akamkatiza.

"Likizo yako lini?"

"Mwezi wa nane."

"Njoo. Kochi linakunjuka. Ila funga nguo za wiki tatu tu, na usije na maneno ya kunirudisha."

"Na nikija nayo?"

"Utalala nayo kochini."

Akamsikia akicheka, kisha akiuliza huko mwezi wa nane huwa kuna baridi kiasi gani.