Siku Sabini na Moja

Kufika saa moja na nusu asubuhi, Sidi Munga alikuwa ameshatia pua kwenye gunia la ishirini na tatu. Alichoma bambo, kile chuma chenye mdomo wazi cha kuchotea sampuli bila kufungua gunia, akamimina chai kiganjani, akaipumulia mara moja ili ipate joto, akanusa. Kisha akaandika kwenye kadi: namba ya shehena, tarehe, hali ya chai, na chini kabisa jina lake kamili. Bila jina lake, gunia haliendi kwenye pipa la kuchanganyia.

Ghala hilo la Changamwe lilipokea chai kutoka kila pembe ya bara, likaichanganya na kuipeleka bandarini. Sidi alikuwa mchambuzi hapo kwa miaka kumi na minne. Aliijua chai ya Kericho kwa pua, ya Murang'a kwa pua, ya Kisii kwa pua, naye hajapata kuuona mchai hata mmoja ukiwa umesimama shambani. Na kazi yenyewe ilikuwa na miiko kama ya mwali. Chai hunywa harufu, kwa hivyo mchambuzi hajipaki marashi, hafukizi udi, hatii mafuta ya nazi nyweleni, na usiku wa kuamkia kazini hakaangi samaki. Mwanamke wa pwani kunyimwa nazi na asumini miaka yote hiyo si jambo dogo, wala sharti hilo halikuwa na posho.

Pua hiyo ndiyo iliyomletea msukosuko. Wiki tatu nyuma yaliingia magunia mia mbili kutoka Nandi. Sidi akanusa moja, akanusa la pili, akasema, "Chai hii imelala na vitunguu." Watu wakacheka. Dereva alipobanwa akakiri kwamba lori lilibeba vitunguu safari ya kabla, na hakulifagia. Shehena ikazuiwa kabla haijaharibu pipa zima.

Basi jana Cheryl, mwanamke wa makamo anayesimamia ubora katika kiwanda cha Nandi kilicholeta chai hiyo, aliteremka mwenyewe hadi Mombasa. Alimketisha Sidi kwenye benchi, akamwambia bila kuzunguka kwamba anataka awe mkaguzi wao. Kazi ya kudumu, nyumba ya kiwanda, bima ya matibabu.

"Naondoka kesho saa kumi," alisema Cheryl. "Nataka jibu kabla ya hapo. Na uje na barua ya utumishi. Ofisi yetu haichukui mkaguzi wa chini ya miaka mitano, na wanataka kuiona kwa maandishi."

Hiyo kesho ndiyo leo, na Sidi alikuwa hajui la kujibu. Nandi kwake lilikuwa neno lililopigwa chapa kwenye magunia. Hakuwa na jamaa huko, hakujua lugha, na baridi aliyoijua ni ya mvua ya Juni. Faith, bintiye, alikuwa kidato cha tatu. Mumewe Nguma alikwenda Lamu miaka sita iliyopita kutafuta kazi, na huko akapata kazi na mke pamoja, kwa hivyo neno kuhama lilikuwa na historia mbaya nyumbani kwao. Kwa upande wa pili, mwenye nyumba wao mtaani Chaani alikuwa ameongeza kodi mara mbili mwaka huu, na Sidi akiugua hata siku moja, siku hiyo hailipwi.

Alfajiri alikuwa amempigia simu mamake, Kaloleni.

"Huko kuna nazi?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Kuna mtu wetu?"

"Hakuna."

"Na hao wa bara walipokuja huku, walikuta mtu wao?" Kisha akaongeza upesi, "Sijasema nenda. Nauliza tu."

Saa nne Sidi alipanda ngazi hadi ofisi ya Absalom, meneja wa wafanyakazi. Absalom alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole wa sauti, shati jeupe, na alikuwa na desturi ya kumkatalia mtu huku akimkaribisha kiti.

"Mama Faith, karibu. Kaa."

Sidi akaeleza haja yake. Absalom akabonyeza kompyuta, mashine ikatema karatasi. Ilikuwa na jina lake, namba yake, na maneno haya: muda wa utumishi, siku sabini na moja.

"Hizi ni za mkataba huu," alisema Sidi.

"Ndio. Ni huo tu uko."

"Absalom, mimi niko hapa miaka kumi na minne. Wewe ulinikuta."

"Najua, mama. Lakini hiyo maneno iko juu yangu. Mimi naandika chenye sistimu inasema."

Sistimu ilisema hivyo kwa sababu ilifundishwa hivyo. Kila baada ya miezi mitatu, vibarua wa ghala walikalishwa nyumbani juma moja, kisha wakarudishwa kwa mkataba mpya na namba mpya. Juma hilo wenyewe waliliita kuzaliwa upya, na wakacheka, maana kulia kusingewafaa kitu. Sidi alikuwa amezaliwa upya zaidi ya mara hamsini.

"Halafu nikushauri kama dada yangu," Absalom akaendelea. "Huko Nandi ni baridi mbaya. Nyinyi watu wa pwani hamwezi huko. Miezi miwili utakuwa umerudi, na hapa nafasi itakuwa imeenda."

Sidi alikunja karatasi, akashuka. Alipomfikia Cheryl pale kwenye benchi, kwa hasira alimtilia tu ile karatasi mkononi. Cheryl aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna jingine.

"Hii siwezi kupeleka, mama. Wataniuliza kama nilikuja Mombasa kuogelea."

Saa saba Sidi aliketi nje ya geti na Nafula, mfunga magunia, jirani yake wa Chaani. Nafula alikuja kutoka Webuye miaka kumi na tisa iliyopita akiwa na begi moja na namba ya simu iliyokuwa haipatikani. Walikula sima na mboga ya mchunga kutoka sahani moja, malori yakiwapulizia moshi.

"Ukifika huko," Nafula alisema, kama aliyeshaamua yeye, "kitu cha kwanza kununua ni ufagio."

"Ufagio wa nini? Hata sijakubali."

"Fagia mbele ya mlango wako mapema, kila siku. Mtu hawezi kupita mwenye anafagia bila kumsalimia. Mimi hivyo ndivyo nilijuana na Chaani yote. Halafu jifunze salamu yao kabla ya kujifunza majina. Na hiyo nazi yako, usipike wiki ya kwanza, watasema unajipikia dawa."

Sidi alicheka, ijapokuwa hakutaka.

"Na Faith?"

"Faith atakaa kwangu mpaka amalize mtihani. Si anakulanga kwangu hata sasa? Ataongeza tu kulala."

Sidi aliinamia sahani. Akataka kushukuru, akashindwa, badala yake akamwambia habari za siku sabini na moja. Nafula alitema mate pembeni.

"Siku sabini na moja! Na mwaka jana wakakusimamisha siku tatu kwa chai yenye Wapakistani walilalamikia. Chai yenyewe ilikuwa imetoka hapa miaka miwili nyuma."

"Na walinipata chini ya nusu saa," alisema Sidi. "Walivuta kadi tu, jina langu hilo hapo."

Tonge likabaki hewani. Kadi. Hakuna kadi iliyotupwa katika ghala lile hata siku moja, kwa kuwa mnunuzi akilalamika lazima apatikane wa kulaumiwa. Sidi alilirudisha tonge sahanini, akanawa mikono, akasimama.

Chumba cha faili kilikuwa nyuma ya maabara, chini ya Mwanasaumu, karani aliyekilinda kama kabati la vyombo vyake vya harusi. Mlangoni palikuwa na tangazo: kadi hazifunguliwi ila kwa idhini ya meneja, au kwa ombi la mwenye chai. Sidi alikuwa amelipita tangazo hilo kila siku. Leo alilisoma mpaka mwisho, kisha akaenda kumleta mwenye chai.

"Nataka kuona kadi za chai ya kiwanda chetu," Cheryl alisema.

"Za mwaka upi, dada?"

"Zote."

Mwanasaumu alimtazama Cheryl, akamtazama Sidi, akaelewa. "Wallahi leo ntapata mazoezi," alisema, akaburuta ngazi.

Masanduku yalijaa meza, yakashuka sakafuni. Walianzia yale ya karibu wakarudi nyuma, na kila mwaka jina lilikuwapo, Sidi Munga, Sidi Munga, kwa kalamu ya buluu, kwa nyeusi, pengine kwa penseli. Kadi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Machi, mwaka ambao Faith alikuwa bado akibebwa mgongoni. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa kubwa za mtu anayeogopa kukosea. Sidi alipouona alimhurumia yule msichana, na papo hapo akamwonea fahari.

Absalom aliitwa. Alisimama mlangoni, akayaona masanduku, na uso ukambadilika.

"Mama Faith, hizi ni kadi za ubora. Si rekodi za wafanyakazi."

"Jina hili la nani?"

"Lako, lakini—"

"Mwaka jana mlinisimamisha kazi kwa kadi kama hii. Siku hiyo hukunambia si rekodi ya wafanyakazi." Sidi hakupaza sauti. "Yaani kwenye lawama nimo miaka kumi na minne, kwenye utumishi simo?"

Cheryl alikuwa akipiga picha kadi moja moja kwa simu yake, taratibu. Absalom alimtazama akipiga ya tano, akatoka kwenda kuzungumza kwa simu. Waliiona kofia moja ya wavu ya wanawake wa ghala ikichungulia dirishani, kisha tatu, kisha hawakuzihesabu tena.

Aliporudi alimwita Sidi kando. Shati lilikuwa limelowa kwapani.

"Nimeongea na mkubwa. Sikiliza, hii ni habari njema. Kuanzia tarehe moja wewe ni pamanenti. Hapa hapa Changamwe, karibu na mtoto wako. Haya mambo ya barua na masanduku tuyaache."

Na hapo, baada ya siku nzima ya kukasirika, Sidi aliogopa. Kukasirika ni rahisi ukiwa umenyimwa. Sasa alikuwa akipewa. Kazi ya kudumu bila kufungasha hata sufuria, Faith chumba cha pili, mama umbali wa saa mbili, lugha yake mwenyewe kila apitapo. Miaka yote hiyo aliliombea jambo hili hili kanisani, tena kwa kupiga magoti.

"Absalom, nafasi hiyo ilikuwapo jana?"

"Kuwa, ilikuwa."

"Na mwaka jana?"

Absalom akachungulia dirishani, kwenye zile kofia.

"Na wenzangu je? Mwende wa mizani, Nafula?"

"Hao hawajaitwa Nandi, mama. Tuongee yako."

Woga ulimtoka Sidi taratibu, kama maji ya moto yanavyopoa, na chini yake akakuta jibu limeshakaa. "Aliyejua nina miaka kumi na minne akanihesabia siku sabini na moja," alisema, "sitampa mwaka wa kumi na tano. Niandikie barua yangu, baba. Naenda Nandi."

Absalom aliiandika. Aliipiga chapa mara ya kwanza, Sidi akaisoma yote, akairudisha: paliandikwa kibarua. Mara ya pili palikuwa pameandikwa mchambuzi wa chai, lakini miaka imekuwa kumi na miwili. Akairudisha. Mara ya tatu ilikuwa sawa. Akangoja mhuri, akangoja wino ukauke, na saa kumi kasorobo akamkabidhi Cheryl nakala mkononi.

"Utaweza baridi?" Cheryl aliuliza.

"Ntanunua sweta. Na mchai nataka kuuona siku ya kwanza, kabla ya ofisi."

"Nitakupeleka mwenyewe," alisema Cheryl, akampa mkono.

Sidi alirudi juu kwa Absalom kuchukua kalamu yake aliyoisahau. Ngazi hazikupitika. Wanawake walikuwa wamezijaza tangu chini, kofia za wavu bado kichwani, vumbi la chai kwenye nyusi. Mwende wa kupima uzito alikuwapo, na wachambuzi wote wa zamu ya pili, na kila mmoja amenyamaza kwa adabu kama watu wanaongojea daktari. Walimpisha Sidi apande, mmoja mmoja wakimgusa bega.

Mlango wa Absalom ulikuwa wazi. Nafula alikuwa wa kwanza, ameshakikalia kiti kabla hajakaribishwa.

"Nafula, na wewe unaenda wapi?" Absalom aliuliza kwa uchovu.

"Siendi mahali," alisema Nafula. "Andika tu nilikuja lini."