Damu Isipoe

...na bado mdomo wa Daktari Beda unakwenda, laktati imepanda, anasema, ile tindikali inayojaa kwenye damu mwili unapozidiwa, jana ilikuwa juu, leo imekuwa maradufu, na Maduhu kasimama mlangoni mwa chumba cha mahututi, miwani ya mitumba juu ya kichwa, Maduhu yule yule aliyewatambia mautingo wote wa Mikumi kwamba kaka yake hafi ng'o, Mathias wa Zombo, lori limpindukie atoke anacheka, leo auawe na usaha wa mguu? labda usaha wa tembo... nao wakacheka, wakamnunulia soda ya kopo, siku hizi kila kitu ruksa, hata kutamba... "Mwanangu bado ana joto, Daktari, mguse," mama anasema kutoka sakafuni, khanga mdomoni, na daktari anainama, "Mama, joto siyo kipimo, sisi tunaitazama damu, na laktati ikipanda hivi, wengi hawavuki," na Sista Scolastica keshaushika mpira wa oksijeni wa Mathias auhamishe, maana mashine ni moja, na kitanda cha pili yupo Ida, aliyejifungua juzi, kifua kinakwenda kama mvukuto wa mhunzi, na laktati yake, wanasema, inashuka vizuri, huyu ana matumaini... na damu ya Mathias, hii ya leo, nani aliipeleka Kilosa kwenye mashine ya kupimia? nipeni mimi, alisema, mimi, darasa la tano niliwaachia nyie, lakini barabara hii hakuna dereva wa kuninyima lifti, wakampa chupa ya chai imejaa barafu, kichupa cha damu ndani, "Usikitoe humo, Maduhu," "Sista, unaongea na Maduhu, ujue," na kule juu ya magunia ya lori akachungulia, akakigusa, lahaula, baridi, damu ya kaka baridi kama ya maiti, na ndama akizaliwa kwenye mvua humwachi apoe, unamkumbatia, unalala naye kwenye majani, Mathias mwenyewe alimfundisha, kinachopoa kimekwenda, mdogo wangu, mpe joto lako... basi akaimwaga barafu yote barabarani, akakitia kichupa kwapani, akakibana mpaka Kilosa, mkono ukafa ganzi naye anaona raha, alipofika akakirudisha kwenye chupa, akakabidhi kwa mbwembwe, nimemleta kaka yangu mzima... "Ilikwenda na barafu lakini?" daktari anauliza, "maana damu ikipata joto njiani inaendelea kuchacha yenyewe kama togwa, laktati inapanda, inatudanganya," na sista, "Ilikwenda, Daktari, niliifunga kwa mkono wangu"... kuchacha, kasema kuchacha, na kwapa la Maduhu linawaka, barafu haiachi ushahidi, ilishakunywewa na lami, akinyamaza nani atajua, na huenda damu ilikuwa mbaya tangu mwanzo, huenda Mathias anakwenda hata bila yeye, na akisema, huo mpira ukabaki hapo, Ida je, na kile kitoto chake, nani kamwambia Maduhu achague... mdomo wako, Mathias alikuwa akimtania, ungekuwa ng'ombe ungenywesha maziwa wilaya nzima, haya, kamua sasa, kamua, mbona pakavu... "Maduhu," mama anamwita, "leo huna neno, baba?" na mpira bado uko mkononi mwa sista, haujavutwa, haujaachwa, Mathias anakoroma vile vile, Ida anahema vile vile, na Maduhu, ambaye shikamoo zake huzitupa kwa mbali kama maganda ya muwa, anaivua ile miwani, anasogea hadi miguuni pa kitanda, mkono kaubana ubavuni kana kwamba kichupa bado kimo, "Shikamoo, Daktari," anasema, "ile barafu... niliimwaga mimi."