Chuma Jichoni

Swali la saba kwenye fomu ya kazi liliuliza: je, umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Binti mmoja, msaidizi mpya wa maabara, akaandika "hapana". Alikulia kwenye karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, na akiwa na miaka kumi na minne cheche ya chuma ilimrukia jicho la kushoto. Lilivimba, likapoa. Akisema kweli, kazi haipati.

Wiki tatu akakikwepa chumba cha sumaku, chenye mashine ya kupiga picha za ubongo, ambayo huweza kuvuta chuma kilicho mwilini na kumpofusha mtu. Kila panya wa majaribio alimlaza usingizi nje, akamfunga kwenye kitanda chake kidogo, kisha kumwingiza ndani akamwachia daktari.

"Mgongo unaniuma, daktari," alisingizia.

"Huo mgongo wako umenizidi umri," daktari alimtania.

Asubuhi ile picha ya kwanza ya ubongo wa panya ilikuwa imekwishapigwa. Daktari akaingiza dawa yenye chembe za chuma kupitia mrija uliochomekwa mkiani. Penye damu nyingi, picha ya pili ingetoka nyeusi zaidi. Wakizilinganisha, wangejua damu imejaa kiasi gani na wapi. Mashine ikaanza kunguruma. Daktari akatoka koridoni kupokea simu.

Kwenye skrini, pumzi za panya zilikuwa sabini kwa dakika. Zikawa arobaini. Ishirini.

Binti akapunguza dawa ya usingizi. Wapi! Kumi na mbili.

Ilibaki kumtoa tu. Akashika kitasa cha chumba cha sumaku, na papo hapo akahisi, au akadhani anahisi, kitu kikimvuta nyuma ya jicho.  Akakiachia kitasa.

"Daktari!" akapiga yowe. "Njoo! Mimi siwezi kuingia, nina chuma jichoni!"

Daktari akaja mbio, akatupa simu na funguo mezani, akaingia. Alimchomoa panya, akambonyeza kifua kwa ncha ya kidole. Kimya. Akabonyeza tena. Panya akavuta pumzi.

Picha ya pili iliharibika. Daktari hakuitazama.

"Tangu lini?"

"Utotoni. Nisamehe, niliihitaji kazi."

"Kazi utaifanya ukiwa kipofu?"

Mchana eksirei ilionyesha chembe ndogo kuliko ufuta, imelala nyuma ya mboni. Alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa kwenye meza ya kuchambua picha, ghorofa ya juu. Hata hivyo, kila alipolazimika kupita mlango wa chumba cha sumaku, alitembea akiambaa ukuta wa upande wa pili, kiganja kimefunika jicho.